Hirut Binti Nani? Mwanamke wa Kihabeshi Mbele na Nyuma ya Kamera

Filamu ndefu ya kwanza ya maigizo kutengenezwa Ethiopia ilitoka katikati ya miaka ya 1960, nyeusi na nyeupe, na jina lake lilikuwa swali: Hirut, abbatwa mannew? Kwa Kiamhari maana yake ni "Hirut, baba yake ni nani?" Mswahili angelifupisha: Hirut binti nani?

Kwa kawaida Wahabeshi hawana majina ya ukoo. Mtoto hupewa jina lake, likafuata la baba yake, na hata akiolewa halibadiliki. Ukisikia Salem Mekuria, ujue ni Salem binti Mekuria. Kwa hiyo asiyejulikana baba yake amekosa nusu ya jina, na swali lile lililoandikwa juu ya sinema lilikuwa zito kuliko umbeya wa mtaani. Lilikuwa linauliza kama msichana huyu ni mtu kamili mbele za watu.

Miaka hamsini baadaye, mwaka 2014, akatokea Hirut mwingine kwenye skrini, katika filamu iitwayo Difret. Huyu baba yake anajulikana. Kilichofichwa safari hii ni jina la mwenyewe. Nyuma ya Hirut wa pili alikuwapo mwanamke wa kweli, aliye hai, na filamu ilipokuwa inazinduliwa Addis Ababa alikuwa amekwenda mahakamani kuizuia. Nitamrudia, maana kisa chake ndicho kilichonifanya nikae chini niandike.

Mazungumzo kuhusu wanawake wa Kihabeshi katika filamu na video za mtandaoni huishia haraka kwenye sura: macho, nywele, rangi ya ngozi. Soma maoni ya watu chini ya video yoyote ya muziki wa Afrika Mashariki iliyomweka msichana wa Kihabeshi mbele, utaona. Mimi naona tunaanzia pasipo. Kabla ya kusifu uzuri wa mtu kwenye picha, inafaa tujue nani kampa jina hilo, nani kashika kamera, na kama yeye mwenyewe aliulizwa.

Tuanze na jina, maana hapo wengi hujikwaa. Waswahili walikuwa wakiiita nchi yenyewe Uhabeshi kabla jina Ethiopia halijazoeleka, na neno walilipata kwa Waarabu, waliosema Habash. Na katika pwani yetu neno hilo lilikuja likiwa limefungamana na wanawake. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikachapwa mwaka 1886. Humo anasimulia jinsi masuria wa baba yake Unguja walivyogawanyika makundi, Wacherkesi (watu wa milima ya Kaukazi) kama mama yake upande huu, Wahabeshi upande ule. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Historia hii ni ya kwetu, imo ndani ya kuta za majumba tunayowaonyesha watalii.

Sasa sikiliza hili. Wengi wa wanawake waliovushwa Bahari ya Shamu na kuuzwa kwa jina la Wahabeshi hawakuwa watu wanaojiita hivyo kwao. Walikuwa Waoromo, Wagurage, Wasidama, waliotekwa kusini na magharibi mwa nchi wakaswagwa hadi pwani. Jina walipewa na soko. Mnunuzi wa Jidda au Muscat alikuwa na picha yake kichwani ya "Mhabeshi", na mfanyabiashara akamletea picha hiyo. Kamera ilipovumbuliwa, picha ilikuwa imekwishachorwa.

Leo hii, kwa maana yake ya ndani, Wahabeshi ni watu wa nyanda za juu: Waamhara na Watigray wa Ethiopia pamoja na wasemaji wa Kitigrinya wa Eritrea, wengi wao Wakristo wa Kiorthodoksi, wenye lugha za jamii moja na maandishi ya aina moja. Ughaibuni, katika miji kama Washington, Toronto na Stockholm, vijana wamelipanua. Kwao Habesha ni Mwethiopia au Mueritrea yeyote, na neno linawasaidia kukaa meza moja bila kufufua vita vya 1998 hadi 2000 kati ya nchi zao. Waoromo wengi hawalitaki. Wasomali wa Ethiopia hawajiiti hivyo. Na baada ya vita vya Tigray, vilivyoanza Novemba 2020 na kusimamishwa kwa mkataba wa Pretoria Novemba 2022, wapo Watigray walioliweka pembeni kwa uchungu.

Niliwahi kumwambia dada mmoja aliyekuwa akituhudumia katika hoteli ya chakula cha Kiethiopia, Nairobi, kwamba Wahabeshi mnapika. Aliweka sinia la injera mezani, akatabasamu, akasema, "Mimi Mworomo, kaka. Lakini karibu, chakula ni hiki hiki." Tangu siku hiyo nauliza kwanza.

Hata nguo ina mjadala wake. Gauni jeupe la pamba lenye urembo wa nyuzi kwenye pindo, Waamhara wanaliita habesha kemis. Waeritrea wanasema zuria. Tiffany Haddish, mchekeshaji Mmarekani ambaye baba yake alikuwa Mueritrea, alipovaa vazi la Kieritrea kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018, alikuwa anamtaja baba yake mbele ya dunia nzima. Hirut binti nani? Jibu lilikuwa mwilini mwake.

Kamera yenyewe iliingia nyanda hizo pamoja na wageni, na wageni waliotia alama nzito kuliko wote ni Waitalia. Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, wimbo wa Faccetta nera, yaani "kisura cheusi", ulivuma Italia. Ulimwahidi msichana wa Kihabeshi kwamba askari wanakuja kumkomboa utumwani na kumpa sheria nyingine na mfalme mwingine. Askari walipofika waliishi na wasichana hao kinyumba, mtindo ulioitwa madamato, na mwaka 1937 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku uhusiano wa namna hiyo kwa sababu za rangi. Picha za wanawake zikabaki, kwenye kadi za posta na kwenye mikoba ya askari waliorudi nyumbani.

Kizazi kimoja baadaye picha zile zilianza kutembea kwenye sinema. Zeudi Araya, mzaliwa wa Dekemhare, Eritrea, aliigiza mwaka 1972 katika filamu ya Kiitaliano ambayo jina lake tu linatosha: La ragazza dalla pelle di luna, msichana mwenye ngozi ya mwezi. Filamu imepewa jina la ngozi ya mtu. Miaka miwili baadaye mwongozaji Mwitalia Pasolini alitoa filamu yake ya hadithi za Alfu Lela Ulela, na nafasi ya Zumurrud akampa Ines Pellegrini, mwenye asili ya Eritrea na Italia. Zumurrud ni kijakazi anayenadiwa sokoni. Mtu anayeijua historia ya Bahari ya Shamu hawezi kuitazama sehemu ile ya mnada kama hadithi tu. Ila kuna jambo moja ndani yake: Zumurrud anachagua mwenyewe nani amnunue. Na Zeudi Araya hakuishia kuwa ngozi ya mwezi. Baadaye alivuka akawa mtayarishaji wa filamu, upande wa wanaoamua.

Mkondo huo wa nje haujakauka, ingawa umebadilika. Liya Kebede, mwanamitindo mzaliwa wa Addis Ababa, aliigiza mwaka 2009 kama Waris Dirie, mwanamitindo na mwandishi ambaye ni Msomali. Kwa waandaaji wa Ulaya, sura ya Pembe ya Afrika ilikuwa moja. Ruth Negga, aliyezaliwa Addis Ababa kwa baba Mwethiopia na mama wa Ireland, aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Loving ya 2016, akiigiza mwanamke wa Virginia. Kwake asili ilikuwa sehemu ya maisha, haikuwa pambo la picha.

Nyumbani mambo yalikwenda njia nyingine kabisa, na hapa ndipo ninapotamani Waswahili tutazame zaidi. Chini ya Derg, utawala wa kijeshi uliokuja kuongozwa na Mengistu Haile Mariam, kuanzia 1974 hadi 1991, filamu ilikuwa jambo la serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kamera za dijitali ziliposhuka bei, watu wa Addis Ababa walianza kutengeneza filamu za Kiamhari kwa fedha za mifukoni. Wenzao wa Nigeria waliuza kanda na sidii, wao wakazipeleka kwenye majumba ya sinema. Foleni za wikendi nje ya majumba hayo zilikuwa za vijana wawili wawili, na filamu zilizowavuta zaidi zilikuwa za mapenzi, nyingine za kuchekesha, nyingine za kuliza. Humo mwanamke alikuwa na nafasi kubwa, na siyo ya kuigiza peke yake. Kidist Yilma aliongoza Rebuni. Aida Ashenafi aliongoza Guzo, inayowatoa vijana wawili wa mjini Addis na kuwapeleka kuishi vijijini. Hermon Hailay aliandika na kuongoza Price of Love, iliyotoka mwaka 2015 na kuonyeshwa kwenye matamasha ya filamu ya FESPACO, Burkina Faso, na Toronto.

Hii ya Hermon nataka niiseme kidogo. Dereva teksi kijana, ambaye mama yake aliishi kwa kuuza mwili, anaingilia ugomvi wa msichana anayefanya kazi hiyo hiyo na mwanamume anayepeleka wasichana Uarabuni. Katika purukushani hiyo teksi inaibwa. Basi kutoka hapo hao wawili wamefungwa pamoja na deni. Ninachokipenda ni kwamba kamera haimwonei msichana aibu wala haimfanyi malaika. Anachoka, anadanganya, anacheka. Addis iliyomo humo ni ya vichochoro na mafuta ya teksi, na safari ya kwenda nchi za Ghuba inaning'inia juu ya kila kitu kama inavyoning'inia Mombasa, Kampala au Tanga.

Halafu mwaka 2016 ikaja televisheni ya Kana, iliyoleta tamthilia za nje, zikiwemo za Kituruki, zikisema Kiamhari. Msomaji wa Tanzania anaujua mchezo huo, amewaona Waturuki wakizungumza Kiswahili sebuleni kwake. Wasanii wa Ethiopia walilalamika kwamba soko lao linauawa, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini kila mwanamke wa Istanbul aliyelia kwenye skrini ile alikuwa analia kwa sauti ya mwanamke wa Addis, ambaye uso wake hakuna anayeujua.

Sasa turudi kwa Hirut wa pili.

Difret inaanza na msichana wa shule anayerudi nyumbani kijijini. Ameambiwa amepanda darasa, atakwenda la tano. Anatembea na furaha yake kwenye nyasi. Wanatokea wanaume juu ya farasi, wanamzunguka, mmoja anamnyanyua. Hiyo ndiyo telefa, desturi ya mwanamume kumteka msichana, kumwingilia kwa nguvu, kisha kutuma wazee kwenda kuomba ndoa. Kwa mujibu wa sheria ya jinai ya 1957, mtekaji aliyemwoa aliyemteka aliepuka mashtaka. Msichana katika filamu anachukua bunduki ya mtekaji, anakimbia, anafukuzwa, anafyatua.

Yote haya yalitokea kweli mwaka 1996. Msichana alikuwa na miaka 14, na jina lake ni Aberash Bekele. Aliyemtetea alitoka katika Chama cha Wanasheria Wanawake wa Ethiopia, kilichoanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake na mwanasheria Meaza Ashenafi na wenzake. Kesi ilichukua miaka miwili, na Aberash akaachiwa kwa kuwa alijihami. Sheria mpya ya ndoa ya mwaka 2000 ilipandisha umri wa msichana kuolewa kutoka 15 hadi 18, na sheria ya jinai ya 2004 ikafuta kile kifungu cha ndoa kumsafisha mtekaji. Mwaka 2018 Meaza Ashenafi akawa Rais wa Mahakama ya Juu ya Shirikisho, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho.

Ilipoamuliwa kutengeneza filamu, mwongozaji alikuwa Mwethiopia, Zeresenay Berhane Mehari. Lugha ni Kiamhari, waigizaji ni Waethiopia: Meron Getnet akiwa wakili, Tizita Hagere akiwa msichana. Angelina Jolie aliiwekea jina lake kama mtayarishaji mtendaji, jambo lililofungua milango. Ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani, na nyingine kama hiyo Berlin. Kila kitu ambacho tumekuwa tukikidai, kwamba Mwafrika asimulie habari zake kwa lugha yake, kilikuwapo.

Septemba 2014, usiku wa uzinduzi Addis Ababa, wageni wakiwa wameshaketi, ikatangazwa jukwaani kwamba mahakama imeizuia. Aberash alikuwa amelalamika kwamba kisa chake kimetumika bila ridhaa yake. Baadaye zuio liliondoka na watu wakaiona. Lakini tazama majina yalivyopangwa ndani ya filamu. Wakili katika filamu anaitwa Meaza Ashenafi, jina lake la kweli. Msichana aliyetekwa, aliyeingiliwa, aliyefyatua risasi, aliyekaa miaka miwili akisubiri kujua kama atafungwa, anaitwa Hirut.

Naweza kumwelewa mwongozaji. Kumbadilisha jina mtu aliyetendewa ukatili ni njia ya kumstiri, na magazeti yetu hufanya hivyo kila siku. Ila sitara unayovishwa bila kuulizwa haina tofauti kubwa na kufutwa. Neno difret lenyewe lina pande mbili katika Kiamhari: ni ushujaa wa kuthubutu, na pia ni kudhalilishwa kimwili. Sijui neno la Kiswahili linaloweza kubeba vyote viwili. Wengi waliiona filamu kwa maana ya kwanza. Aberash, mlangoni mwa mahakama, alikuwa anawakumbusha ile ya pili, na kuna haki katika hilo hata kwa mtu kama mimi anayeiona filamu ni nzuri.

Wako wanawake waliotafuta namna nyingine ya kulikabili suala hilo hilo, na wengi wao waliishi mbali na kwao. Salem Mekuria, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo cha Wellesley, Marekani, alitengeneza Deluge mwaka 1997 kuhusu miaka ya mapinduzi. Ndani yake anamlilia kaka yake aliyetoweka na rafiki yake wa karibu aliyeuawa. Anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, hivyo mtazamaji anajua nani anasema na amepoteza nini. Tamara Mariam Dawit, Mkanada mwenye asili ya Ethiopia, alifuata nyayo hizo mwaka 2020 na Finding Sally. Aligundua akiwa mtu mzima kwamba alikuwa na shangazi aliyeitwa Selamawit, msichana wa familia ya kibalozi aliyejiunga na EPRP, chama cha kimapinduzi kilichoipinga Derg, akaingia mafichoni wakati wa Ugaidi Mwekundu, yaani msako na mauaji ya wapinzani wa Derg, asirudi. Tamara anawakalisha mashangazi waliobaki mbele ya kamera. Wamenyamaza miongo minne. Ukiwatazama utaona mikono inavyotafuta pa kukaa kabla mdomo haujafunguka, na kamera inawangoja. Kungoja huko ndiko kuomba ruhusa.

Aäläm-Wärqe Davidian, Mwisraeli mzaliwa wa Ethiopia, alirudi na Fig Tree mwaka 2018 kwenye Addis ya mwishoni mwa utawala wa Mengistu, wavulana wakikamatwa mitaani kupelekwa vitani. Sephora Woldu alitengeneza Life Is Fare kwa Kitigrinya na Kiingereza huko California. Na Jessica Beshir, mzaliwa wa Meksiko aliyekulia Harar, alitupa Faya Dayi mwaka 2021: moshi, mirungi, sauti za Kioromo na Kiharari, vijana wanaowaza kuondoka. Ukitafuta "filamu za Habesha" utaletewa na hiyo. Watu waliomo ndani yake wengi hawajiiti Wahabeshi. Soko limerudia mchezo wake.

Kwenye video za mtandaoni soko hilo lina kasi zaidi. Chukua kahawa. Sherehe ya kahawa nyumbani kwa Mhabeshi huchukua saa nzima na zaidi. Majani mabichi hutandazwa sakafuni, mwanamke aliyevaa nguo nyeupe hukaanga buni mbichi kwenye kikaango, huzungusha moshi wake kwa wageni wavute harufu, hutwanga, huchemsha kwenye jebena, birika la udongo, humimina kutoka juu kwenye vikombe visivyo na mkono. Mizunguko ni mitatu na kila mmoja una jina: abol, tona, bereka. Katikati ya mizunguko hiyo ndipo habari zinapotoka: nani anaumwa, nani kaposwa, nani hajatuma fedha. Video ya sekunde thelathini inachukua moshi, vidole na mmiminiko, inaishia hapo. Yale mazungumzo, ambayo ndiyo kazi kubwa ya yule mwanamke, yamekatwa. Vipindi virefu vya mahojiano vya Kiamhari na Kitigrinya kwenye YouTube vinanipa matumaini kwa sababu vinafanya kinyume chake. Jebena ipo pembeni, na mgeni anaongea hadi amalize.

Kuna video nyingine ambazo ni vigumu kuziandika. Machi 2017, Kuwait, mfanyakazi wa ndani kutoka Ethiopia alionekana akining'inia nje ya dirisha la ghorofa, akiomba ashikwe. Mwajiri wake alikuwa ameshika simu, anarekodi. Mwanamke alianguka, akapona kwa rehema ya Mungu, na mwajiri akakamatwa. Dunia iliiona kupitia jicho la mtu aliyekuwa na mkono mtupu wa pili na hakuunyoosha. Mwaka uliofuata, Beirut, mwingine alirekodiwa na ndugu yake akiwa kitandani hospitalini baada ya kuruka kutoka roshani, akieleza mateso yaliyomfikisha hapo. Hapo kamera ilikuwa upande wake. Baadaye akaonekana kwenye televisheni akikana kila alichosema. Dada zetu wa Kenya na Uganda walioko Ghuba wanaijua hali hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 2017, huko huko Lebanoni, wafanyakazi wa ndani wa Kiethiopia walianzisha kikundi chao, Egna Legna Besidet, maana yake "sisi kwa ajili yetu, ugenini". Uchumi wa nchi ulipoporomoka, Juni 2020, waajiri waliwashusha wafanyakazi wao nje ya ubalozi mdogo wa Ethiopia Beirut na kuondoka, wengine bila mshahara wala pasipoti. Video za wanawake wamelala barabarani, mabegi yakiwa mito, zilizunguka dunia, na kikundi hicho kikawa kinatafuta chakula na kodi ya vyumba. Lile neno la mwisho kwenye jina lao, sidet, uhamisho, ndilo Salem Mekuria alilolipa filamu yake ya mwaka 1991. Alikuwa amekwenda Sudan na kamera, akaketi na wakimbizi wanawake wa Ethiopia na Eritrea, na kuwaacha waeleze wenyewe walivyofika pale.